Mikato ya Mama Tekla

Mzee Twaha Kingalu hakuwa na meza ya kuandikia. Hakuwa na kompyuta, wala mtu wa kumchapia. Hakuwa na meno mawili ya mbele, na kwa sababu hiyo aliepuka kusoma kwa sauti mbele ya wageni. Hakuwa na cheti cha kidato cha nne, ingawa masomo yake aliyasoma yote katika darasa la jioni akiwa tayari baba wa mtoto. Hakuwa na kitabu chenye jina lake. Hakuwa tena na mtoto huyo. Na kwa miaka mingi sasa, katika uchochoro wao wa Temeke, hakuwa na mke aliyeweza kuvuka kwenda kwa jirani wa mkabala kuomba hata chumvi.

Alichokuwa nacho ni nukta. Mwalimu Albano, aliyemfundisha jioni pale Chang'ombe, alikuwa akigonga chaki ubaoni na kusema, "Wazo likiisha, weka nukta. Usipoiweka wewe, msomaji ataiweka mwenyewe, na ataiweka pabaya." Twaha aliyashika maneno hayo maisha yake yote. Alipokuwa karani wa mizigo bandarini, taarifa zake zilibandikwa ukutani ili wengine waige. Meli imefunga gati. Makreti yamehesabiwa. Mawili yamevunjika. Nahodha ameona. Mpaka anastaafu, hakuna kilichomuudhi kama kuona sentensi mbili nzima zimeunganishwa kwa mkato mtupu, kama mabehewa yaliyofungwa kwa uzi.

Sasa alikuwa ameandika hadithi. Aliiandika kwa mkono kwenye karatasi za mistari, akiwa ameweka ubao wa kukatia mboga mapajani, na akaipeleka kwa wachapaji wadogo wa Kinondoni waliokuwa wanakusanya hadithi za waandishi wapya. Waliipokea. Katika hadithi hakutaja majina, lakini mambo yenyewe yalikuwa yametokea nyumbani kwake.

Mwanawe, Farhan, alikuwa fundi umeme. Alifia kazini Gongo la Mboto, juu ya ngazi, katika nyumba ambayo haikuwa imekwisha kuezekwa. Habari zilimfikia Twaha bandarini. Kaka yake mkubwa, Abdulrahman, ambaye naye sasa ni marehemu, alitoa amri ambayo hakuna aliyeishangaa: mama asiambiwe kwa simu, asiambiwe na mtu mmoja, asiambiwe kabisa mpaka watu wazima wafike nyumbani pamoja na sheikh. Lakini watu wazima walikuwa wametawanyika mji mzima, na maiti ilikuwa hospitali. Alihitajika mtu wa kukaa na Hamisa, mke wa Twaha, ili asitoke nje, asishike simu, asipate habari mtaani. Abdulrahman akampigia jirani wa mkabala, Tupokigwe, mama wa Kinyakyusa aliyekuwa akishona nguo barazani kwake. Uchochoro mzima ulimwita Mama Tekla.

Mama Tekla akavuka. Alimkuta Hamisa uani na ungo wa mchele mapajani, maana Farhan alikuwa ameahidi kuja kula pilau jioni. Akakaa naye toka asubuhi mpaka karibu na Alasiri, akaongea naye mambo ya mvua, nguo, shule na bamia. Hamisa alicheka mara kadhaa. Kisha mlango wa uani ukafunguliwa, wakaingia wanaume wenye kofia vichwani, hakuna aliyepiga hodi, na Hamisa akajua.

Msiba ulipoisha, Hamisa hakumlaumu shemeji yake wala mumewe. Alimlaumu Mama Tekla.

"Alijua," alisema. "Amekaa na mimi anajua mwanangu yuko kwenye jokofu, ananihadithia bei ya bamia. Akaniacha nacheka. Ule ni moyo gani?"

Tangu hapo wanawake wale wawili walipokutana uchochoroni walisema "Salama?" na "Salama," basi. Hamisa aliipita cherehani ya jirani yake kila alipokuwa na kitambaa, akaenda kushonesha madira yake Tandika. Twaha alipojaribu kueleza, alikatwa palepale: "Baba Farhan, usinisemee mtu. Nilikuwepo mimi, hukuwepo wewe."

Lakini Twaha alikuwepo kidogo. Siku ile alifika nyumbani kabla ya wengine, akaambiwa asubiri sheikh, akasimama nje ya ua wa mabati akisikia sauti ya Mama Tekla ikitoka ndani. Hakuweza kumweleza mtu alichosikia katika sauti ile. Aliamini kwamba akikiandika vizuri, Hamisa, ambaye alipenda kusomewa, angekisikia naye. Tena haraka ilikuwepo. Tekla, binti wa jirani, alikuwa amejenga Kibamba na alikuwa anamchukua mama yake. Gari la mizigo lingekuja Jumamosi.

Jumatano mchana simu iliita.

"Shikamoo, Mzee Kingalu. Audax hapa, mhariri, wa Kinondoni."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshachapa?"

"Bado kidogo. Hadithi yako tumeipenda, mzee wangu, sikufichi. Pale wazee wanapoingia, nilifunga kompyuta nikatoka nje kwanza. Ishu ni yule jirani."

"Ana nini?"

"Anaongea kama anatoa maelezo polisi."

Twaha alikaa wima. "Hebu nisomee."

Audax akasoma. "'Lete ungo. Nitachambua mimi. Mvua itanyesha. Nimeanika nguo. Tekla amepata shule. Bamia zimepanda bei.'"

"Kosa liko wapi hapo?"

"Kosa hamna."

"Kila sentensi ina kiima. Ina kiarifu. Ina nukta."

"Kweli kabisa. Lakini umesema mwenyewe kwenye hadithi kwamba huyu mama anaogopa kunyamaza. Mimi nikisoma hapo, namsikia ananyamaza kila baada ya maneno mawili."

"Sasa unataka niweke mikato? Nilifundishwa kwamba mkato hauna nguvu ya kubeba sentensi nzima."

"Kwenye masimulizi hata sie hatuutaki, mzee. Msoma prufu wetu akiuona anaufuta hapohapo, hana huruma yule. Ila mtu anapoongea ni suala la pumzi yake. Unaweza kuweka nukta, unaweza kuweka nukta mkato, unaweza kuweka mikato mwanzo mwisho. Wewe ndiye uliyemsikia, mimi sikumsikia. Ukichagua mikato, niandikie barua yenye saini yako niibandike juu ya mswada, asiiguse mtu."

"Na nikikataa kuziondoa nukta zangu?"

"Tunachapa na nukta zako. Hadithi ni yako."

Twaha alikata simu akiwa amekasirika. Hakukasirika kwa sababu kijana alikosa adabu. Alikasirika kwa sababu hakukosa.

Ili ajihakikishie kwamba yeye ndiye aliye sahihi, jioni hiyo baada ya sala alikaa ukumbini na karatasi zake. Kwa kawaida saa hizo alimsomea Hamisa gazeti, naye Hamisa akisuka ukili.

"Leo si gazeti," alisema. "Kuna kitu nimeandika."

Hamisa hakuinua macho. "Cha siku ile?"

"Cha siku ile."

Ukili uliendelea kwenda. "Soma."

Alisoma kama Mwalimu Albano alivyomfundisha, akishuka sauti kwenye kila nukta na kutulia kidogo kabla ya kuendelea. Meno yasiyokuwepo yalipiga mluzi, lakini hapo hapakuwa na mgeni. Alipomaliza maneno ya jirani, Hamisa aliweka ukili chini.

"Mzee, kumbe unajua kuandika! Nilidhani utamtetea."

"Kwani sikumtetea?"

"Umempata mwenyewe. Hivyohivyo ndivyo alivyokuwa. Neno, kimya, neno, kimya, utadhani anapima sukari dukani. Hana wasiwasi hata kidogo." Alitikisa kichwa. "Mtu akisoma hapo atajua nilikaa na mtu wa namna gani."

Katika ndoa yao yote hakuwahi kuyasifu maandishi yake. Twaha alizikunja karatasi, akasema asante, lakini usiku alizikunjua tena.

Asubuhi yake alichukua suruali iliyotoboka mfuko, akavuka uchochoro. Baraza la Mama Tekla lilikuwa limejaa maboksi, lakini cherehani ilikuwa bado imesimama mahali pake.

"Hodi."

"Karibu."

"Salama, Mama Tekla?"

"Salama."

"Naona mnafungafunga."

"Ndiyo."

"Kibamba kuzuri?"

"Kuna maji."

Alimpa suruali. Mama Tekla aliigeuza ndani nje, akatazama tundu, akaanza kushona bila kuuliza lolote. Twaha alikaa juu ya boksi. Alimjua mama huyu tangu alipohamia pale na mume aliye hai na mtoto mgongoni, na katika muda wote huo hakukumbuka kumsikia akisema jambo refu kuliko lililohitajika. Wateja wengine walimwogopa. Watoto walimwita Mama Ndiyo, naye alijua na hakujali.

"Mama Tekla. Siku ile ya Farhan. Unakumbuka ulivyoongea?"

Mguu ulisimama juu ya pedali.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Niliongea tu."

"Wewe si mtu wa maneno mengi."

"Sio."

"Sasa siku ile uliyatoa wapi?"

Mama Tekla aliinyoosha suruali mapajani. "Ningenyamaza, angeniuliza," alisema. "Angeniuliza, ningesema." Akakata uzi kwa meno, akamrudishia suruali yake. Twaha alipopeleka mkono mfukoni, Mama Tekla alimwonyesha njia kwa kidevu.

Twaha alisimama katikati ya uchochoro, suruali begani. Bodaboda ilimpigia honi, akasogea bila kuiona. Aliyemwandika kwenye hadithi alikuwa Mama Tekla huyu wa kila siku, wa ndiyo na hapana, mwenye kituo baada ya kila neno. Alikuwa amemwandika vizuri sana. Ila huyo hakuwa uani siku ile. Siku ile uani alikuwepo mtu mwingine kabisa, na Twaha ndiye aliyemfuta, nukta baada ya nukta.

Alikaa mlangoni na ubao wake wa mboga. Kwanza alijaribu nukta mkato. Ukurasa ulipendeza kuutazama, lakini maneno yalikuwa yamevaa suti. Hakuna mama anayechambua mchele huku akiongea nukta mkato. Akajaribu kuunganisha kwa "na", hivi na vile na vile, ikawa kama mtoto anayemshtaki mwenzake kwa mwalimu. Akavifuta vyote viwili.

Ikabaki mikato. Mkono ulikataa. Kila alipofika mwisho wa sentensi, kalamu yenyewe iligonga nukta kabla hajawaza, kama ilivyofanya bandarini miaka yote. Mwishowe akaacha kupigana nayo. Aliiacha igonge nukta zake, halafu yeye akarudi nyuma na kuziongezea mikia, moja moja.

Jambo moja lilimshangaza. Kadiri maneno yalivyoshikana, ndivyo mengine yalivyomrudia ambayo hakuwa ameyaandika mwanzo. Aliisikia tena sauti nyuma ya mabati, ikipanda, bila mahali pa kutua. Alipofika mwisho, neno la mwisho aliliachia mkato, maana hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

Baada ya Alasiri aliketi tena ukumbini.

"Ni kilekile," alimwambia Hamisa. "Nimebadilisha kidogo."

"Kilikuwa kizuri. Utakiharibu."

"Sikiliza tu."

Akavuta pumzi, akasoma.

"'Lete ungo nichambue mimi, wewe pumzika, mvua itanyesha, ona wingu lile, nimeanika nguo na wala siendi kuzianua, zilowe, zitakauka, Tekla amepata shule, nilikwambia, kama nilikwambia nakwambia tena, ni ya bweni, huko kuna baridi, nitamshonea sweta, sijui kushona sweta, nitajifunza,'" na hapo pumzi ikamwishia, akakohoa.

"Pumua, mzee. Utakufa na sweta za watu."

"Yeye hakupumua."

"Nani?"

"Mama Tekla."

Hamisa alicheka kwa pua. "Mama Tekla haongei hivyo. Mama Tekla ukimsalimia anakukatia kipande. Tangu nimjue sijawahi kumsikia anaongea hiv..."

Hakumaliza. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ukili. Twaha alikuwa amejiandaa na maelezo mazuri, akaona ayaache.

"Endelea," Hamisa alisema.

"'Usinyanyuke, simu hiyo iache iite, ni wale wa matangazo, bamia zimepanda bei, si bora tule mchicha, mchicha nao una mchanga, kaa, Mama Farhan, kaa, bado sijamaliza,'"

Akaweka karatasi chini. Nje mtu alikuwa akijaribisha spika za shughuli ya kesho, moja mbili, moja mbili, kisha akazizima.

"Simu iliita kweli," Hamisa alisema baadaye. "Akaichukua akaikalia. Nikamwambia we mama una wazimu, umeikalia simu yangu. Nikacheka."

"Hilo sikuliona."

"Ungelionaje, ulikuwa nje. Na hakusema mchicha. Alisema kisamvu. Akasema kisamvu kinataka kutwangwa, atakitwanga yeye, nisinyanyuke."

"Nirekebishe?"

"Rekebisha. Usimwekee mtu maneno yasiyo yake."

Alirekebisha. Hamisa alimtazama akiandika, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeulizia kitu kilichopotea ndani ya nyumba.

"Na mchele?"

"Mchele gani?"

"Aliouchambua. Kesho yake kina Nusaiba, wadogo zangu, walitaka kuupikia watu. Nusaiba akanifuata chumbani, akaniambia, dada, mchele wako una mawe matupu, na pale chini ya kigoda kuna mchele mzuri umemwagwa kama wa kuku. Nikamwambia, unamwona yule, hata kuchambua hakuchambua, alikuja kupiga soga. Nikawaambia wote. Nimelisema jambo hilo mpaka leo."

Alinyoosha vidole vya mkono wa kulia, akavifanyisha kazi ya kuchambua hewani: kuokota, kutupa, kuokota, kutupa.

"Alikuwa anatupa mchele," alisema. "Anabakisha mawe. Mikono haikuwa inaona, Baba Farhan. Mbele ya macho yangu. Na macho yangu hayakuona pia."

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akauchukua ukili, akauweka tena chini.

Twaha aliandika jambo la mchele. Hilo halikuwa la kuongewa na jirani. Lilikuwa la msimulizi. Aliandika: Alitupa mchele. Akabakisha mawe. Nukta zilikaa vizuri hapo, akaziacha bila mikia.

Ijumaa asubuhi alinakili ukurasa wote kwa mwandiko safi, akaandika na barua, akaweka vyote ndani ya bahasha. Hamisa alimkuta akitafuta gundi.

"Usifunge bado. Unamweka mtu kitabuni hujamwambia?"

"Jina lake halimo."

"Jina halimo, yeye yumo." Alikuwa amejifunga khanga ya kutokea, na mkononi alikuwa na bakuli la bamia lililofunikwa sahani. "Twende."

Twaha alimfuata na bahasha yake wazi. Hamisa alivuka uchochoro haraka, kama mtu anayewahi kitu kisiungue jikoni. Mama Tekla alikuwa amepiga magoti barazani akifunga sufuria kwa kamba.

"Hodi, Mama Tekla, usisimame, nimekuletea bamia, ni za Tandika, si nzuri sana, mbona umefunga sufuria zote, leo utapikia nini, basi utakula kwangu, huyu mzee ameandika mambo, tumekuja kukuuliza, ukikataa atayachana, nitamwambia mimi ayachane, hiyo Kibamba ni mbali, nitakuja, sijui gari linapita wapi, nitauliza, nina kitambaa cha dira nimekiweka tangu Idi, sikukipeleka kwa fundi, sijui kwa nini sikukipeleka, utanishonea hukohuko, ungo ule ninao, ule mchele nilisema maneno, niliyasema kwa watu, nilikuwa sijui, mama, sijui tulikaaje pale siku nzima nisijue,"

Mama Tekla alikuwa amekwisha simama. Aliondoa boksi juu ya kiti, akapangusa kiti kwa kiganja.

"Kaa," alisema.

Hamisa alibaki na bakuli lake.

"Kaa, Mama Farhan."

Akakaa. Mama Tekla akalichukua bakuli, akaliweka juu ya cherehani iliyokwisha fungwa kamba, akavuta boksi na kukaa karibu naye. Magoti yao yalikuwa yamegusana, na hakuna aliyeyasogeza. Twaha, aliyesimama mlangoni, alitazama bahasha yake kwa bidii, kana kwamba anwani ilikuwa ngumu kusomeka.

"Soma," Mama Tekla alimwambia mwishowe.

Alisoma. Safari hii alijipangia pumzi, akafika mpaka mwisho bila kukohoa. Mama Tekla alisikiliza akiwa ameshika ncha ya kamba ya sufuria.

"Kisamvu?" aliuliza.

"Ulisema kisamvu," Hamisa alisema. "Ukasema utakitwanga wewe."

"Mie sikipendi kisamvu."

Hamisa ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuzuia kwa mkono, ikashindikana, na Mama Tekla, ambaye kicheko chake kilikuwa kama maneno yake, alicheka mara moja tu, kwa nguvu, kisha akajifuta macho kwa kiganja kilekile alichofutia kiti.

"Achape?" Twaha aliuliza.

"Achape."

"Niliweke jina?"

"Hapana. Jirani inatosha."

"Barua umeandika nini?" Hamisa aliuliza. "Isije ikawa ndefu ukamchosha kijana wa watu."

Twaha akaitoa, akasoma. "'Ndugu Mhariri. Jirani aongee kwa mikato. Nimekusudia. Neno lake la mwisho nalo liishie kwa mkato. Msoma prufu asiguse. Mahali pengine pote nukta zangu zibaki. Wako, Twaha Kingalu.'"

"Hiyo ni barua au ni telegramu?"

"Imesema yote."

"Imesema," Mama Tekla aliunga mkono.

Gundi ya bahasha ilikuwa ya zamani, imekauka. Mama Tekla alimnyang'anya bahasha, akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akapitisha juu ya ukingo, akaukunja. Kisha akafungua boksi alilokuwa amelifunga kwa gundi ya karatasi, akatoa pasi yake ya mkaa, baridi, akailaza juu ya bahasha na kuiegemea kwa uzito wake wote. Alipoiinua, bahasha ilikuwa imeshika. Pasi hakuirudisha kwenye boksi.

"Hicho kitambaa kiko wapi?" alimwuliza Hamisa.

"Kabatini."

"Kalete."

Twaha aliwaacha wakibishana kama cherehani ifunguliwe kamba au la, akaenda posta kabla ya sala ya Ijumaa. Karani wa dirishani, dada mwenye miwani, alisoma anwani ya Kinondoni kisha akamtazama.

"Shikamoo, baba. Hapa si karibu tu? Ungempa hata bodaboda."

"Marahaba. Nataka ipigwe mhuri."

Dada akabandika stempu, akagonga mhuri, akaiweka barua kwenye mfuko pamoja na nyingine.

"Imekwenda, baba."

"Asante, mwanangu."